Barua ya Siku 25: Magari ya Farasi Yaliyovuka Nyika za Marekani

Katika mji mdogo wa Quartzsite, jimbo la Arizona nchini Marekani, lipo kaburi lililojengewa piramidi ndogo ya mawe, na juu ya kilele chake amewekwa ngamia wa shaba. Aliyelazwa hapo majirani zake walimwita Hi Jolly. Ukilisikia jina hilo utadhani ni la Kiingereza, kumbe ni ndimi za wanajeshi zilizoshindwa kutamka Haji Ali. Alitoka katika dola la Uthmaniya, akafika Texas katika miaka ya 1850 pamoja na ngamia ambao jeshi la Marekani lilikuwa limewanunua ng'ambo ili wajaribiwe kubeba mizigo jangwani. Alifariki mwaka 1902. Mwaka 1935 idara ya barabara ya Arizona ikamjengea mnara huo.

Huenda msomaji akajiuliza kwa nini iwe idara ya barabara. Jibu limo katika jina la zamani la mahali hapo. Kabla ya kuitwa Quartzsite paliitwa Tyson's Wells, yaani visima vya Tyson, na palikuwa kituo cha magari ya farasi yaliyobeba abiria na barua. Haji yule amezikwa kando ya maji ya wasafiri, na habari yake ni tawi dogo la habari kubwa zaidi: namna taifa lile lilivyohangaika kuivusha barua nyika na majangwa kabla ya reli kufika.

Tuyamalize kwanza ya ngamia. Mwaka 1855 Bunge la Marekani liliidhinisha dola 30,000 kwa ajili ya jaribio hilo, na mwaka uliofuata kundi la kwanza likashushwa katika bandari ya Indianola, Texas. Mwaka 1857 Edward Beale aliwachukua baadhi yao katika safari ya kupima njia mpya ya kuelekea California, akarudi akiwasifu. Walivumilia kiu, wakala vichaka vya miiba ambavyo nyumbu hawakuvigusa. Lakini farasi na nyumbu wa jeshi walishtushwa na harufu yao, askari wengi hawakuwa na ujuzi wala subira ya kuwatunza, kisha vita vikazuka na mradi ukasahauliwa. Ngamia wengine waliuzwa, wengine wakaachiwa waranderande. Kazi ya barua ikabaki mikononi mwa farasi na nyumbu.

Chanzo cha haja hiyo kilikuwa dhahabu. Iligunduliwa California mwezi Januari 1848, na katika muda wa miaka michache maelfu ya wanaume wakawa wameacha wake, watoto na wazazi upande wa mashariki ili wakatafute riziki pwani ya Pasifiki. Baina ya pande hizo mbili hapakuwa na posta ya kutegemewa ya nchi kavu. Barua iliyotumwa kutoka New York ilipanda meli hadi Panama, ikavushwa shingo ile ya nchi kwa mitumbwi na nyumbu, na tangu mwaka 1855 kwa reli, halafu ikapanda meli nyingine hadi San Francisco. Safari ilichukua takriban mwezi mzima. Baba aliyeandika kuuliza hali ya mtoto aliyemwacha kitandani alingoja kama miezi miwili kupata jibu, na lilipomfikia mtoto huyo alikuwa ama amekwisha kupona au amekwisha kuzikwa.

Watu wa California wakapaza sauti, na mwezi Machi 1857 Bunge likapitisha sheria ya kuanzisha posta ya nchi kavu. Masharti yalikuwa mazito. Barua ziende mara mbili kwa wiki, safari isizidi siku 25, na mkandarasi alipwe dola 600,000 kwa mwaka kwa muda wa miaka sita. Waziri wa Posta wakati huo alikuwa Aaron Brown, mtu wa Tennessee, jimbo la kusini. Naye alichagua njia ya kusini: kutoka St. Louis na Memphis, zikutane Fort Smith, Arkansas, kisha ikate Texas hadi El Paso, ipite Tucson na Fort Yuma, ipande Los Angeles na kuishia San Francisco. Ukiichora kwenye ramani inapinda chini mfano wa nira ya ng'ombe, na watu wa kaskazini waliikejeli kwa jina hilohilo. Urefu wake ulikuwa maili 2,800 hivi, sawa na kilomita 4,500. Waziri alijitetea kwamba njia fupi ya kati hufungwa na theluji. Hoja yake ilikuwa na ukweli ndani yake, lakini ni vigumu kuamini kwamba mapenzi ya kwao hayakuwamo katika mizani.

Mkataba ulichukuliwa na John Butterfield wa Utica, New York, mzee wa miaka 55 aliyeanza maisha akiwa kijana mwendeshaji wa magari ya farasi, na baadaye akawa miongoni mwa waanzilishi wa kampuni ya American Express. Mkataba ulitiwa saini mwezi Septemba 1857, naye akapewa mwaka mmoja kuitengeneza njia. Katika mwaka huo ilimlazimu kuchimba visima, kusawazisha vivuko, kununua farasi na nyumbu kwa mamia, kuajiri saisi, waendeshaji na wahunzi, na kujenga vituo takriban 140, ambavyo baadaye vilikaribia 200. Mahali pengi palipaswa kupelekewa kila kitu kwa mkokoteni: nafaka ya wanyama, unga wa watu, viatu vya farasi, hata maji yenyewe. Mpangilio wa vituo uliamuliwa na maji zaidi ya umbali. Magharibi mwa Texas, kabla ya mto Pecos, lilikuwapo tambarare ambalo gari lililivuka kwa masafa marefu bila tone, na kivuko cha mto huo kiliitwa Horsehead Crossing, yaani kivuko cha vichwa vya farasi. Jina hilo lilitokana na mafuvu ya wanyama waliofika pale wakiwa hoi kwa kiu.

Kazi ya kujenga vituo ilikuwa na gharama ambayo haikuandikwa katika mkataba wowote. Mapema Septemba 1858, siku chache kabla ya gari la kwanza kuondoka, Silas St. John na wenzake walikuwa wakimalizia kuta za mawe za kituo cha Dragoon Springs, Arizona. Usiku, vibarua watatu wa kituo hichohicho waliwavamia kwa mashoka. Wenzake watatu waliuawa, na baadhi yao hawakufa papo hapo. St. John alikatwa mkono karibu na bega na kujeruhiwa nyonga, lakini aliwahi kuishika bunduki, na wale wauaji wakakimbia. Kwa siku nne alikaa ndani ya kuta zile zisizo na paa, hana maji, akiwasikia wanaokata roho mmoja baada ya mwingine, huku wanyama wa mwituni wakizunguka nje usiku. Walipofika wasafiri wa kwanza walimkuta hai. Daktari wa jeshi aliletwa kutoka ngome ya Fort Buchanan akaukata mkono ule pale begani, na mtu huyo akapona akaishi miaka mingi. Kituo nacho kilimaliziwa. Majuma machache baadaye gari la posta lilipita hapo kama ratiba ilivyotaka, na magofu ya kuta hizo yamesimama hadi leo.

Barua za kwanza ziliondoka St. Louis tarehe 16 Septemba 1858. Zilikwenda kwa treni hadi Tipton, Missouri, ambako reli ilikomea, kisha zikahamishiwa kwenye gari la farasi. Kijana wa Butterfield ndiye aliyeshika hatamu, na mzee mwenyewe akapanda hadi Fort Smith ili aone kwa macho yake. Abiria mmoja tu alisafiri mwanzo hadi mwisho: Waterman Ormsby, mwandishi wa gazeti la New York Herald, mwenye umri wa miaka 23, aliyemwacha nyumbani mke na mtoto mchanga. Makala alizozituma kwa gazeti lake njiani ndizo zinazotuwezesha leo kuiona safari ile. Anaeleza nyumbu wakorofi waliokataa kufungwa, usiku wa giza ambapo mwendeshaji hakuiona njia, na vituo ambavyo paa lao lilikuwa anga. Gari liliingia San Francisco asubuhi ya tarehe 10 Oktoba, kabla siku 24 hazijatimia. Mji ulishangilia.

Magari yenyewe yalikuwa ya namna mbili. Karibu na miji yalitumika yale makubwa yaliyotengenezwa mji wa Concord, New Hampshire. Bodi lake halikukalia springi za chuma. Lilining'inizwa juu ya mikanda minene ya ngozi, likawa linayumba mbele na nyuma kama susu. Hilo liliwapunguzia farasi mshtuko, ingawa abiria wengi walichafukwa na roho kana kwamba wako baharini. Katika nchi ya mawe na mchanga yalitumika magari mepesi zaidi, yenye paa la turubai na viti vilivyoweza kulazwa vikawa kitanda. Ndani waliketi watu tisa katika benchi tatu, magoti ya huyu yakipishana na ya yule. Kila mmoja aliruhusiwa mzigo wa kilo 18 hivi. Nauli ya safari nzima ilikuwa dola 200 mwanzoni. Gari lilikwenda usiku na mchana, kwa wastani wa maili tano kwa saa, likisimama kubadilisha wanyama na kula tu. Aliyeshindwa na usingizi akashuka kupumzika kituoni alihatarisha kiti chake, maana gari lililofuata huenda lingekuja limejaa.

Kuhusu chakula, Ormsby na wasafiri wengine wanakubaliana kwamba hakikuwa cha kusifiwa: mkate mgumu, maharage, nyama iliyokaushwa, kahawa nyeusi isiyo na maziwa, na nyama ya nguruwe ya chumvi, ambayo msomaji wetu angeipisha akabaki na maharage yake. Kampuni haikukubali kubeba dhahabu wala fedha, ili isiwavute majambazi. Kilichobebwa kilikuwa karatasi, na kwa ajili ya karatasi hizo watu walikesha.

Haifai kuisimulia njia hii kana kwamba ilipita katika nchi tupu. Upande wa mashariki ilikata ardhi ya Wachoctaw na Wachickasaw, mataifa yaliyokuwa yamehamishwa kwa nguvu kutoka kwao miaka ishirini na kitu kabla. Baadhi yao waliendesha vituo katika mashamba yao wenyewe. Kivuko cha mto Red, mpakani mwa Texas, kilimilikiwa na Mchickasaw aitwaye Benjamin Colbert, ambaye pantoni yake ndiyo iliyovusha magari. Mbele zaidi njia ilipita nchi ya Wakomanche na Waapache. Huko visima na chemchemi zilizojengewa vituo zilikuwa maji ya wenyewe tangu enzi na enzi. Hakuna mahali katika mkataba wa dola 600,000 walipotajwa kuwa wana chochote cha kudai.

Hata hivyo kwa zaidi ya miaka miwili magari yalipita Apache Pass, mlango wa milima kusini mashariki mwa Arizona, bila vita kubwa. Cochise, kiongozi wa Waapache wa Chiricahua, aliiacha njia ipite. Inasimuliwa kwamba watu wake walikuwa wakikiuzia kituo kuni. Mwezi Februari 1861 Luteni kijana, George Bascom, alimwita Cochise hemani kwake na kumshutumu kwamba ameiba mifugo na kumteka mtoto wa mfugaji mmoja. Cochise alikanusha, akasema ni kabila jingine, na akajitolea kusaidia kumtafuta mtoto huyo. Luteni hakumwamini akataka kumkamata. Cochise alilichana hema kwa kisu akatoroka, lakini jamaa zake waliokuja naye walishikwa. Naye kwa upande wake akamkamata James Wallace, mtumishi wa kituo cha posta, pamoja na wasafiri wengine, akataka wabadilishane. Luteni akakataa mpaka mtoto arudishwe. Mwisho wake mateka wa Cochise waliuawa, na askari wakawanyonga jamaa zake, akiwamo ndugu yake mwenyewe. Mtoto aliyetafutwa kweli alikuwa mikononi mwa kundi jingine la Waapache, na alikuja kuonekana baadaye akiwa hai. Vita vilivyotokana na shutuma ile viliendelea zaidi ya miaka kumi, hadi Cochise alipofanya amani mwaka 1872. Kati ya waliokufa walikuwamo waendeshaji na abiria ambao hawakujua lolote kuhusu hema la Bascom.

Wakati huohuo hesabu za fedha nazo zilikuwa zimeharibika. Butterfield mwenyewe aliondolewa katika uongozi wa kampuni mwaka 1860 kwa sababu ya madeni, na mapato ya stempu hayakukaribia kufidia malipo ya serikali. Kisha majimbo ya kusini yakajitenga, na Texas ikawa miongoni mwao. Mwezi Machi 1861 Bunge likaamuru posta ihamie njia ya kati, ile iliyosemwa haifai kwa theluji. Wanyama na magari wakahamishwa, visima vikaachwa.

Katika njia hiyo ya kati walikuwa wamekwisha kupita, tangu Aprili 1860, wale vijana wapanda farasi wa Pony Express waliopokezana mkoba wa barua kwa siku kumi hivi kutoka Missouri hadi California. Sinema zimewafanya maarufu kuliko kazi yao ilivyokuwa. Barua moja nyepesi ilitozwa dola tano mwanzoni, huduma ikadumu miezi 18 tu, na waya wa simu ya maandishi ulipokamilika Oktoba 1861 ikafa. Barua za watu wa kawaida ziliendelea kupanda gari. Mark Twain alisafiri katika gari kama hilo mwaka 1861 pamoja na kaka yake, aliyekuwa ameteuliwa katibu wa serikali ya eneo la Nevada. Miaka kumi na moja baadaye alilieleza katika kitabu chake Roughing It. Mifuko ya posta ilijaa mpaka ikawa ndiyo godoro lao, na kaka yake alibeba kamusi kubwa ambayo kila gari liliporuka iliwaangukia mbavuni. Nami nikiwa katibu nimemhurumia. Mtu hujui utaandika barua gani huko uendako.

Tarehe 10 Mei 1869 reli mbili ziliunganishwa Promontory Summit, Utah, na safari ya mwezi ikawa ya wiki moja. Watu wengi hudhani magari ya farasi yalikoma siku hiyo. Hayakukoma. Treni ilishusha barua stesheni, na kutoka stesheni hadi machimboni, mashambani na vijijini zilihitaji mtu na mnyama. Kazi hiyo ilitolewa kwa zabuni, chini ya sheria ya mwaka 1845 iliyosema apewe mwenye bei ya chini kabisa anayeweza kuhakikisha haraka, uhakika na usalama. Makarani walichoka kuandika maneno hayo matatu katika daftari kila mara, wakayawekea nyota tatu. Kuanzia hapo njia hizo zikaitwa njia za nyota.

Penye zabuni huwapo pia wanaozichezea. Njama ilikuwa rahisi: mkandarasi alishinda kwa bei ndogo mno, kisha afisa wa wizara akaongeza idadi ya safari na kudai mwendo wa kasi zaidi, malipo yakapanda mara nyingi, hata katika njia zilizobeba barua za kuhesabika kwa vidole. Mwaka 1881 kashfa ilifumuka. Thomas Brady, msaidizi wa Waziri wa Posta, alijiuzulu, na pamoja na Stephen Dorsey, aliyewahi kuwa seneta, wakafikishwa mahakamani. Kesi mbili zilisikilizwa, mwaka 1882 na 1883, na wakubwa hao wote wawili wakatoka huru. Aliyekaa katika kamati yoyote inayoshika fedha za watu ataitambua hila hiyo bila kufundishwa.

Na katika njia hizohizo za nyota ndimo alimofanya kazi Mary Fields. Alizaliwa utumwani Tennessee karibu mwaka 1832. Baada ya uhuru alifanya kazi kwa watawa wa Kikatoliki huko Ohio, na mwaka 1885 akawafuata hadi Montana, kumuuguza mkuu wao aliyekuwa mahututi. Akabaki huko akiwalimia, akiwajengea, akiwachotea mizigo kwa mkokoteni, hadi askofu alipoamuru aondoke kwa sababu ya ukali wake na ugomvi na wanaume wa pale. Mwaka 1895, akiwa na umri upatao miaka 60, alipata mkataba wa kupeleka barua kutoka mji wa Cascade hadi misheni ileile iliyomfukuza, mwendo wa zaidi ya maili kumi na tano. Alikuwa mwanamke wa kwanza mweusi Marekani kupewa mkataba wa namna hiyo.

Alilishika gari lake miaka minane, bunduki pembeni. Watu wa Cascade walisimulia kwamba theluji ilipokuwa nzito hata farasi wasiweze kupita, alishuka, akavaa viatu vya theluji, akaubeba mfuko begani na kwenda kwa miguu. Mkataba ulipokwisha alifungua udobi mjini, akalea watoto wa majirani, na kuwapelekea maua vijana wa timu ya mpira. Alifariki mwaka 1914. Mji ambao watu weusi ndani yake walihesabika kwa kidole kimoja ulimzika kwa heshima, katika makaburi ya Cascade.